Mgeni wa Simbi

Karibu na mji wa Kendu Bay, kando ya Ghuba ya Winam, liko ziwa dogo la duara liitwalo Simbi Nyaima. Maji yake ni ya magadi, hayanyweki. Wataalamu wa miamba wasema ni shimo lililoachwa na mripuko wa volkano. Wajaluo wa hapo wana habari nyingine, na jina lenyewe laihifadhi: Simbi iliyozama.

Wasimulia kuwa bibi kizee, mgeni mwenye njaa, alifika usiku akawakuta watu katika ngoma na pombe. Aliomba chakula na pa kulala, wakamkataa. Mwanamke mmoja tu alimpokea. Kizee akamwonya ahame upesi. Kisha ikanyesha mvua kubwa, kijiji kikazama na watu wake.

Hatuichukui hadithi hii kuwa tarikhi. Lakini twauliza: kosa la watu wale ni nini? Hawakumwibia kizee kitu. Walimnyima kilicho chao.

Wengi wetu hudhani kumkirimu msafiri ni hisani tu: atoaye husifiwa, asiyetoa halaumiwi. Hatukubali. Mwenyeji ana jirani, ana ndugu, ana duka la kumkopesha. Msafiri aliyepatwa hana hata kimoja, na mali yake iliyo kwao haimfai usiku huo. Ndiyo sababu mwana wa njia amewekwa miongoni mwa mafungu manane ya Zaka, hata akiwa tajiri kwao. Zaka ina masharti yake. Chakula na sadaka havina sharti la dini. Mwaka 615 Waislamu waliokimbilia Habasha walihifadhiwa na Najashi, mfalme Mkristo, akakataa kuwarudisha kwa Makureshi.

Lakini katika hadithi ya Simbi liko jambo linalotutia uzito: hata watoto walizama. Katika Suratul Kahf, Musa na mwenzake waliomba chakula katika mji, wakanyimwa. Naye yule mwenzake akausimamisha ukuta ulioelekea kuanguka, asitake ujira. Ukuta ulikuwa wa mayatima wawili. Mji bahili una mayatima pia, na aliyenyimwa aliliona hilo. Hii kwetu ni haki zaidi kuliko gharika.

Wafanya biashara Waislamu waliofika Kendu Bay walikaa kati ya watu wasio wa lugha yao wala dini yao, na wasingaliweza kukaa bila ridhaa ya wenyeji. Je, kijana wa Kijaluo aibiwaye nauli Mwembe Tayari, hapa Mombasa, twamwitaje? Twamwita mtu wa bara, na neno hilo latosha kumfungia mlango. Twasema huenda ni tapeli. Huenda, matapeli wapo, na wengine ni wa mitaa yetu. Lakini sahani ya wali haihitaji ushahidi, na nauli yaweza kulipwa mkononi mwa mkata tiketi.

Basi twaziuliza kamati za misikiti yetu: katika masanduku ya sadaka, ni kiasi gani kilichotengwa kwa msafiri aliyekwama, na ufunguo anao nani baada ya Isha?