Mogadishu ya Kwenye Kioo

Mtu anapoketi mbele ya kioo akitarajia kufurahishwa na mapigano ya kuigiza, kisha akainuka amenuna kwa sababu mapigano hayo hayakumpendeza, ni nini hasa alichokikosa, na je, alikuwa na haki ya kukidai? Swali hili huenda likaonekana dogo mno kwa falsafa na la kipuuzi kwa dini, lakini linagusa mambo mawili ambayo wanafalsafa na wanateolojia wameyabishania kwa karne nyingi: raha inayopatikana katika kutazama mateso, na deni ambalo walio hai wanalo kwa waliouawa.

Michezo inayohusika hapa ni ile ya video ya kufyatua risasi ambamo mchezaji haoni mwili wa mhusika wake, bali huona kile tu ambacho mhusika angekiona, yaani mikono miwili, mtutu wa bunduki na uwanja ulio mbele, hivi kwamba jicho la mchezaji na jicho la askari huwa kitu kimoja. Katika Kinoo, mtaa wa nyumba za kupanga ulio kando ya barabara kuu ya Nairobi kuelekea Nakuru, mtu akishapita Uthiru, kama ilivyo katika mitaa mingine ya magharibi mwa jiji, michezo ya video huchezwa katika vibanda vya PlayStation ambako vijana hulipa kwa mchezo au kwa saa, na huchezwa pia vyumbani kwenye kompyuta za wanafunzi na wafanyakazi. Kandanda ndiyo inayotawala vibandani, lakini bunduki haziko mbali.

Mchezo ambao Afrika Mashariki ina sababu ya pekee ya kuujadili ni Delta Force: Black Hawk Down, uliotolewa na kampuni ya Marekani ya NovaLogic mwaka 2003, muongo mmoja baada ya mapigano ya Mogadishu ya mwaka 1993 na muda mfupi baada ya filamu ya Ridley Scott ya mwaka 2001, ambayo nayo ilitokana na kitabu cha mwanahabari Mark Bowden cha mwaka 1999. Mwezi Februari 2025 ulitokea mwendelezo wake, ikiwa neno mwendelezo litachukuliwa kwa maana pana ya mchezo mpya unaorithi jina, uwanja na ahadi za ule uliotangulia. Mwendelezo huo, ulio sehemu ya masimulizi ya mchezo mpya wa Delta Force, uliundwa na Team Jade, studio iliyo chini ya kampuni ya Kichina ya Tencent, na ukafuata visa vya filamu hatua kwa hatua. Wachezaji wengi walikuwa wameusubiri kwa hamu, na wengi miongoni mwao walitamauka. Walilalamika kwamba sehemu hiyo ya masimulizi imeundwa kwa ajili ya watu wanne, kwamba anayecheza peke yake hapewi wenzake wa kuendeshwa na kompyuta, kwamba risasi chache tu zinatosha kumwangusha, na kwamba adui humfyatulia kutoka madirishani, vichochoroni na juu ya mapaa kabla hajajua ageukie wapi.

Sehemu hiyo ilitolewa bure. Wachezaji hao, basi, hawakuwa wateja waliopunjwa fedha, na huzuni yao haiwezi kuelezwa kwa lugha ya biashara peke yake. Kilichopotea ni matumaini, na matumaini ni jambo ambalo dini na falsafa zina haki ya kulihoji.

Jibu la haraka liko tayari, nalo lina utamu wa kejeli. Orodha ya malalamiko inakaribia kuwa maelezo ya yale yaliyowapata askari wa Marekani tarehe 3 na 4 Oktoba 1993, walipoingia katikati ya Mogadishu kuwakamata wasaidizi wa kiongozi wa wapiganaji Mohamed Farrah Aidid, helikopta zao mbili zikaangushwa, na msafara wa magari yao ukapotea njia mitaani huku ukipigwa kutoka kila upande. Mchezaji aliomba uhalisia, akapewa, akaukataa. Alitaka vita visivyo vita. Mhubiri anaweza kuishia hapo na kuhesabiwa kuwa amesema kweli, lakini jibu hilo linamdharau mchezaji kupita kiasi, kwa kuwa linachukulia kwamba alichopewa kilikuwa uhalisia kamili na kwamba hisia yake ya kupungukiwa haina msingi. Inafaa hisia hiyo iaminiwe kwanza, kisha ichunguzwe.

Mtakatifu Augustino, askofu wa Kiafrika aliyezaliwa Thagaste, katika nchi ambayo leo ni Algeria, aliuliza swali linalokaribiana na hili katika kitabu chake cha Maungamo, alipostaajabia jinsi watu walivyokwenda kwenye michezo ya jukwaani ili wahuzunike kwa masaibu ambayo wasingependa yawapate wenyewe, na jinsi mtazamaji asiyelizwa alivyotoka akilalamika. Hoja yake haikuwa kwamba huruma ni mbaya, bali kwamba huruma ya jukwaani haimwiti mtu asaidie, inamwita ahuzunike tu, na kwa hiyo ni hisia iliyokatwa kutoka katika tendo ambalo ingepaswa kulizaa. Katika kitabu hichohicho anasimulia habari za rafiki yake Alipio, aliyeburutwa na wenzake hadi kwenye uwanja wa mapigano huko Roma akiwa ameapa kufumba macho, na ambaye kelele za umati zilimfumbua macho hayo, akainywa damu kwa kutazama. Mchezo wa kufyatua risasi unaunganisha hali hizo mbili na kuongeza ya tatu, kwa sababu mchezaji wake si mtazamaji tu: anatenda. Hata hivyo tendo lake limekatwa upande wa pili, kwa maana Augustino aliona hisia isiyozaa tendo, ilhali hapa pana tendo lisiloacha alama. Anayeuawa hupotea kwenye kioo, anayeua akiuawa hurudishiwa uhai wake baada ya muda mfupi, na mji huanza upya kana kwamba hakuna aliyewahi kuingia.

Hapa ndipo uhalisia unaosifiwa na watengenezaji unapofichua mipaka yake. Ni uhalisia wa vitu: mlio wa bunduki, vumbi chini ya helikopta, kutu kwenye mabati. Uhalisia wa watu haumo. Katika mapigano yale ya Oktoba walikufa Wamarekani 18, na kitabu, filamu na kumbukumbu nyingi zimehakikisha kwamba wanajulikana kwa majina. Wasomali waliokufa wanakadiriwa kuwa mamia kadhaa, wapiganaji na raia kwa pamoja, na hesabu yenyewe haijawahi kuafikiwa. Mbele ya mtutu wa mchezaji, mamia hayo ni umati unaotokea na kutoweka.

Mtu wa Nairobi ana njia nyingine ya kuziingia habari hizo, na ni ajabu kwamba haikumbukwi mara nyingi. Tarehe 12 Julai 1993, karibu miezi mitatu kabla ya siku iliyotengenezewa filamu, helikopta za Marekani zilipiga kwa makombora nyumba moja ya Mogadishu ambamo watu wa upande wa Aidid, wakiwamo wazee wa ukoo, walikuwa wamekutana, na Msalaba Mwekundu ukataja zaidi ya watu 50 waliouawa huku Umoja wa Mataifa ukitaja idadi ndogo kuliko hiyo. Wanahabari waliofika kupiga picha walishambuliwa na umati uliojaa hasira, na wanne wakauawa: Hansi Krauss, Mjerumani wa shirika la AP, na watatu wa Reuters, ambao ni Dan Eldon, kijana wa miaka 22 aliyekulia Nairobi, Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya. Siku hiyo inaeleza mengi kuhusu chuki iliyowapokea askari mwezi Oktoba. Haiwezi kuwa uwanja wa mchezo, kwa kuwa haina mahali pa kumweka mchezaji: akiwa juu kwenye helikopta ni muuaji wa wazee, na akiwa chini ana kamera tu mkononi.

Mwanateolojia Mkenya John Mbiti, katika kitabu chake cha mwaka 1969 juu ya dini na falsafa za Kiafrika, alieleza kwamba katika jamii nyingi za bara hili mtu haondoki mara moja anapokufa. Maadamu wapo wanaomkumbuka kwa jina, yeye ni katika wafu walio hai, akikaa ndani ya kipindi ambacho Mbiti alikiita Sasa, na ni pale tu mtu wa mwisho aliyemjua anapofariki ndipo anapozama katika Zamani pamoja na wasio na majina. Wapo waliomkosoa Mbiti kwa kuzikusanya jamii nyingi chini ya nadharia moja ya wakati, na ukosoaji huo una uzito, lakini wazo lake kuhusu jina linasimama bila nadharia hiyo. Kifo, kwa fikra hii, ni kazi wanayofanya walio hai, ya kutaja, kuzika na kukumbuka, na kazi hiyo isipofanywa kifo hakijakamilika.

Kazi hiyo imeachwa hata karibu na nyumbani. Kilomita chache kutoka Kinoo iko Thogoto, kituo cha wamisionari wa Kiskoti, ambako mwaka 1917 Daktari John Arthur aliwaongoza vijana wa misheni kwenda kwenye Vita vya Kwanza vya Dunia katika Afrika Mashariki ya Kijerumani wakiwa wapagazi. Kikosi cha wapagazi, ambacho jina lake la Kiingereza limebaki Nairobi katika mtaa wa Kariakor, kilipoteza zaidi ya watu 40,000 kwa hesabu rasmi, nao wanahistoria wengi wanaamini walikuwa zaidi sana. Kilichowamaliza kilikuwa maradhi, njaa na uchovu zaidi kuliko risasi. Ni vita ambavyo kazi yake kubwa ilikuwa kubeba unga, na hakuna mtengenezaji wa michezo atakayemkabidhi mchezaji mzigo wa unga. Sanamu zilizosimamishwa mwaka 1928 katika barabara ambayo sasa ni Kenyatta Avenue zinawaheshimu askari na wapagazi kwa jumla bila kuwataja mmoja mmoja, na mwaka 2021 tume ya Jumuiya ya Madola inayotunza makaburi ya vita ilikiri kwamba makumi ya maelfu ya Waafrika hawakuwahi kukumbukwa kwa majina kama walivyokumbukwa Wazungu. Kasoro hiyo ilikuwa katika jiwe na katika daftari kabla haijaingia kwenye kompyuta. Dola iliwatendea wapagazi vile mchezo unavyowatendea Wasomali wake, na mtu anayewalaumu vijana wa vibandani peke yao anapaswa kwanza kuipita Kenyatta Avenue. Wala dola huru haijawa njema zaidi katika jambo hili: baada ya wanamgambo wa Al-Shabaab kuivamia kambi ya wanajeshi wa Kenya huko El Adde, Somalia, tarehe 15 Januari 2016, familia zilingoja kwa miaka orodha kamili ya waliokufa bila kuipata.

Wazee wa Agikuyu walikuwa na namna yao ya kushughulikia alama ambayo kifo humwachia aliye hai. Aliyegusa maiti au kumwaga damu alihesabiwa kuwa na thahu, yaani unajisi unaomletea yeye na watu wake madhara, na hakurudi katika maisha ya kawaida mpaka atakaswe. Haihitajiwi kuamini uhalisi wa thahu ili kuona ilifanya nini: iliweka mpaka kati ya vita na nyumbani, na ikampa aliyepigana mahali pa kumalizia.

Mwisho wa namna hiyo ndio unaokosekana katika vita vya kwenye kioo, na ndio, kwa maoni ya mwandishi, anaoutafuta mchezaji bila kujua, anapolalamika kuhusu ugumu na ukosefu wa wasaidizi. Vita ambavyo hakuna afaye kabisa haviwezi kwisha, na kisichokwisha hakimtoshelezi mtu, hata kiboreshwe vipi. Mwendelezo, kwa hiyo, haushindwi kwa bahati mbaya. Unaahidi kujaza pengo ambalo umbo lake linalihitaji libaki wazi, kwa kuwa wafu wakikaa wafu na mji ukibaki na makaburi yake, hakutakuwa na cha kuanza upya. Mchezaji aliyetamauka amehukumu sawasawa. Amekosea tu kuandika shitaka.

Itapingwa kwamba haya yote ni mzigo mzito mno kwa kitu kinachoitwa mchezo, na kwamba dini yenyewe haijakataza kucheza. Pingamizi hili ni la haki. Imepokewa katika Sahihi za Bukhari na Muslim kwamba siku ya Idi Wahabeshi walicheza kwa ngao na mikuki ndani ya msikiti wa Mtume huko Madina, naye akamsitiri Bi Aisha ili atazame, akaendelea kumsimamia mpaka yeye mwenyewe alipotosheka. Na Imam al-Ghazali, katika kitabu chake cha Ihya, aliitumia hadithi hiyo kutetea uhalali wa burudani, akisema kwamba moyo nao unahitaji kupumzishwa. Vita vya kuigiza, basi, viliruhusiwa, tena msikitini na mbele ya Mtume. Lakini waliocheza walikuwa wakicheza kwa mikuki yao wenyewe, bila kuvaa msiba wa mtu mwingine, na aliyetazama alifikia kutosheka kwake akaondoka. Biashara ya miendelezo inaishi kwa kuahirisha saa hiyo ya kutosheka.

Kwamba kompyuta inaweza kubeba mwisho, mfano upo. Mwaka 2014 studio ya Kipolandi ya 11 bit ilitoa This War of Mine, mchezo ulioathiriwa na kuzingirwa kwa Sarajevo, ambamo mchezaji anawaongoza raia wenye majina na historia zao, wanaotafuta chakula usiku, wanaolemewa na huzuni wakimdhuru asiye na hatia, na ambao wakifa hawarudi. Mwaka 2020 serikali ya Poland ilitangaza kuuingiza katika orodha ya kazi zinazopendekezwa kwa wanafunzi. Mchezo huo haukumpa mchezaji jicho la askari, na pengine ndiyo sababu uliweza kuubeba mwisho huo. Ni vigumu kumwazia kijana wa Kinoo akilipa shilingi zake jioni ya Ijumaa, baada ya wiki ya kazi, ili akae na njaa ya watu wengine, na hakuna sheria ya dini wala ya falsafa inayomlazimisha afanye hivyo.