Pesa Anayo, Kitufe Hakimkubali

Mwezi Mei 2005, kampuni ya Target, yenye maduka makubwa kote Marekani, iliandikiwa barua na Shirikisho la Kitaifa la Wasioona la nchi hiyo. Barua ilieleza kwamba wateja wasioona walikuwa wanashindwa kununua vitu kwenye tovuti ya kampuni, ikaomba tovuti irekebishwe. Hapakuwa na kesi wala vishindo. Pande mbili zikaketi kuzungumza, lakini Januari 2006 mazungumzo yakavunjika, na mwezi uliofuata kesi ikafunguliwa California. Mmoja wa walalamikaji alikuwa mwanafunzi asiyeona wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley.

Asiyeona hutumia programu inayomsomea kwa sauti yaliyomo kwenye skrini. Kipanya hakimsaidii, maana haoni mshale ulipo. Huenda kisanduku kwa kisanduku kwa kitufe cha Tab, kisha hubonyeza Enter. Walalamikaji walidai kwamba picha nyingi za tovuti ile hazikuwa na maelezo ya maandishi, na kubwa zaidi, kwamba ununuzi haukuweza kukamilika bila kipanya. Hebu fikiria: mtu ametafuta bidhaa, ameichagua, amefika mahali pa kulipa, na kitufe cha kuendelea hakiitikii kibodi. Pesa anayo. Sasa amwite jirani aje ambofyee, na pengine amtajie na namba ya kadi yake ya benki!

Dalili zilikuwepo zamani. Sheria ya Marekani inayokataza kuwabagua watu wenye ulemavu ilipitishwa mwaka 1990. Mwaka 1999, shirika la W3C linalosimamia viwango vya wavuti lilitoa mwongozo ulioagiza picha ziwe na maelezo, visanduku vya fomu viunganishwe na majina yake, na tovuti isimlazimishe mtu kutumia kifaa cha aina moja. Mwaka 2000, nchini Australia, waandaaji wa Michezo ya Olimpiki ya Sydney, waliokuwa wameshtakiwa na mtu asiyeona kwa sababu ya tovuti yao, walishindwa, wakaamriwa kulipa dola 20,000 za nchi hiyo. Yote hayo yalikuwa hadharani. Lakini linaloniumiza zaidi ni ile barua. Watu waliokwama walijitokeza wenyewe, wakaonyesha walipokwama, na bado hawakusaidiwa.

Mahakamani kampuni ilijitetea kwamba sheria ile ya 1990 inahusu maduka ya matofali, si tovuti. Septemba 2006, Jaji Marilyn Hall Patel alikataa kuifuta kesi yote, akasema tovuti iliyofungamana na maduka inaweza kuguswa na sheria hiyo. Haikufika kwenye hukumu ya mwisho. Agosti 2008 wakapatana: kampuni itenge dola milioni 6 za kuwalipa walioathirika California, irekebishe tovuti, na Shirikisho lenyewe liikague. Kazi iliyoombwa kwenye barua ikaja kufanywa baada ya miaka mitatu, na gharama juu.

Tusiseme hayo ni ya wakubwa wa ng'ambo. Sisi tunaotengeneza fomu za maombi ya kazi, za chuo na za malipo tunaweza kuanguka palepale, bila ubaya wowote moyoni, kwa kuwa tunaijaribu fomu kwa macho yetu na kipanya chetu tu. Maneno “Namba ya simu” yapo juu ya kisanduku na sisi tunayaona. Lakini yasipounganishwa na kisanduku ndani ya msimbo, asiyeona anaweza kufika hapo akasikia “sehemu ya kuandika, tupu” na basi. Aandike jina? Simu? Tarehe ya kuzaliwa? Dawa yake ni mstari mmoja: jina la kisanduku liandikwe kwa elementi ya label, na sifa yake ya for ilingane na id ya kisanduku. Wengine huweka maneno ya kijivu ndani ya kisanduku, yanayofutika mtu akianza kuandika. Hayo hayatoshi. Na kosa lionyeshwalo kwa mstari mwekundu pekee, asiyeona hatajua liko wapi. Liandikwe kwa maneno, litaje kisanduku, lieleze namna ya kurekebisha.

Tafadhali, kabla ya kuweka fomu hewani, chomoa kipanya. Ijaze yote kwa kibodi pekee, ukisogea kwa Tab na vitufe vya mishale, na kuchagua kwa Space na Enter, mpaka kitufe cha kutuma. Kama wakati wowote hujui uko kwenye kisanduku gani, hapo pana kazi. Kisha washa NVDA, programu ya kusoma skrini ipatikanayo bure, uzime mwanga wa skrini, uanze upya. Halafu mtafute mtu asiyeona aijaribu, umlipe kwa muda wake. Na akikuandikia barua kabla hujamtafuta, mjibu wiki hiyohiyo.