Kipenga Katika Mkono Mdogo

Wazee wetu walisema kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Methali hii tumeizoea mno, hata hatuiulizi tena swali lake zito: samaki huyo hukunjwa kuelekea upande gani, na mkono unaomkunja una haki gani juu yake? Twaambiana kwamba watoto wafunzwe uadilifu mapema. Ni vyema. Lakini yule tunayempa kazi ya kuhukumu angali mtoto, tuna haki ya kumdai nini? Naye ana haki ya kutudai nini sisi tuliompa kazi hiyo?

Swali hili lilinijia mbali na bahari yetu, katika mji wa Singida, nilikokwenda kumzuru ndugu yangu anayefanya biashara ya alizeti. Msomaji wa visiwani asiyepata kufika huko na ajue kwamba Singida si nchi ya ukame mtupu kama inavyodhaniwa na wengi. Mji una maziwa mawili ya maji ya chumvi, Singidani na Kindai, na pande zake yamesimama majabali makubwa, mengine yamepandana kana kwamba yalipangwa na mtu mwenye subira. Upepo wa huko wakati wa kipupwe hauna adabu. Huchukua kofia, vumbi na maneno ya watu, vyote kwa pamoja.

Jioni moja, baada ya mavuno, tulikwenda kutazama mpira katika kiwanja cha skuli ya msingi. Watoto walikuwa wakijiandaa kwa UMITASHUMTA, yale mashindano ya skuli za msingi ambayo huanzia chini, katika skuli na kata, yakapanda wilaya na mkoa hadi taifa. Mwalimu wa michezo alikuwa ameamua jambo ambalo sikupata kuliona: hakuchezesha yeye. Alimpa kipenga mwanafunzi wake mmoja, mvulana wa miaka 13 hivi, awachezeshe wadogo zake wa darasa la nne na la tano. Mwalimu mwenyewe akasimama nje ya mstari, mikono nyuma.

Kwa muda mambo yalikwenda vizuri. Kisha mtoto mmoja akaanguka karibu na goli, vumbi likatimka, kipenga kikalia. Penalti! Watu wazima tuliokuwa pembeni, wengine wazazi, wengine wapita njia, tukapaza sauti. “Refa, huna macho?” “Nani kakupa hicho kipenga?” Nasema tukapaza, kwa sababu nami nilikuwemo. Nilisema neno ambalo sitaliandika hapa, na nililisema kwa kicheko, kama mtu anayedhani kwamba kicheko hulifuta neno. Mvulana hakuubadili uamuzi wake. Penalti ikapigwa, ikaingia. Lakini tangu hapo nilimwona akifanya jambo jipya: kila alipotaka kupuliza kipenga, alitutazama sisi kwanza. Na haikupita robo saa akatoa penalti nyingine, kwa upande wa pili, mahali ambapo hapakuwa na mtu aliyeguswa. Tukampigia makofi.

Makofi hayo ndiyo yaliyonikosesha usingizi. Penalti ya kwanza yamkini ilikuwa kosa. Vumbi lilikuwa jingi na mimi nilikuwa mbali. Ya pili haikuwa kosa bali ilikuwa malipo. Mtoto yule alikuwa amejifunza, ndani ya robo saa, kwamba haki ni kuwagawia wenye sauti kiasi cha kuwanyamazisha. Na waliomfunza somo hilo hawakuwa walimu wake. Tulikuwa sisi, tena bila ya kulipwa mshahara.

Isidhaniwe kwamba haya ni ya Singida peke yake, au ya mpira wa miguu peke yake. Mwezi wa Juni 2019, katika mji wa Lakewood, jimbo la Colorado huko Marekani, watu wazima walipigana ngumi uwanjani katika mechi ya besiboli ya watoto wa miaka 7. Mwamuzi wa mechi hiyo alikuwa na umri wa miaka 13. Besiboli, mchezo ambao Wajapani wameufundisha katika baadhi ya skuli za Tanzania tangu miaka ya 2010, unamtwika mwamuzi mzigo mzito kuliko kandanda. Husimama nyuma ya mdakaji, na kila mpira unaotupwa bila ya kupigwa humngojea yeye aseme: je, umepita mahali pa haki, kati ya magoti na kifua cha mpigaji, au umepita kando? Mchezo hauendi hatua mbili bila ya hukumu yake. Watu wale walimpa mtoto kazi ngumu kuliko zote kiwanjani. Wao wenyewe ikawashinda kazi nyepesi kuliko zote, ambayo ni kukaa na kutazama.

Kwa swali letu yako majibu mawili mepesi, na yote mawili yafaa kupimwa kabla ya kuachwa.

Jibu la kwanza lasema: mtoto asipewe kipenga kabisa. Wenye rai hii si wajinga. Wanatukumbusha kwamba wanaocheza nao ni watoto, nao wana haki ya kuchezeshwa kwa haki. Si adili kuwafanya wao ubao wa mwanafunzi kujifunzia. Hoja hii ina uzito, na jawabu lake ni la vitendo: mdogo awachezeshe walio wadogo kuliko yeye, katika mechi ambayo kushindwa kwake hakuzidi machozi ya jioni moja, na mkubwa asimame karibu. Ama kumngoja mpaka akomae ndipo ahukumu, huko ni kumngoja mtu ajue kuogelea ndipo aingie baharini. FIFA haimwingizi mtu katika orodha ya waamuzi wa kati wa kimataifa kabla hajatimiza miaka 25. Baina ya miaka 13 na 25 ipo miaka 12, na hakuna anayeivuka miaka hiyo kwa kusoma kanuni kitandani.

Jibu la pili lasema: apewe kipenga, lakini asikosolewe, kwani ni mtoto. Hili lina sura ya huruma, nalo huumiza kwa njia nyingine. Anayeambiwa kila siku kwamba amefanya vizuri hufika pahala akajua kuwa haambiwi kweli, na tangu hapo hata sifa anayoistahiki haimfikii. Kumsifu mtoto kwa uongo ni kumwibia kipimo chake.

Basi tudai nini? Nimelitafuta jawabu mahali ambapo wanadamu wamelazimika kulifikiri kwa makini, yaani katika ushahidi wa mtoto mbele ya hakimu. Sheria ya Ushahidi ya Tanzania Bara, kwa marekebisho ya mwaka 2016, yamruhusu mtoto ambaye umri wake hauzidi miaka 14 atoe ushahidi bila ya kiapo, lakini kwanza aiahidi mahakama kwamba atasema kweli na hatasema uongo. Tazama sheria hiyo inachokidai na isichokidai. Haimdai mtoto asikosee. Haimdai aone kila kitu, wala akumbuke yote, wala aelewe maana ya yale aliyoyaona. Yamdai jambo moja tu, kwamba kinywa chake kifuate macho yake.

Na karne nyingi kabla ya hapo, Imamu Malik bin Anas, aliyefariki Madina mwaka 795, alikuwa na rai inayostahiki kutafakariwa. Wanazuoni wengi, wakiwemo wa madhehebu ya Shafii yanayofuatwa na wengi wa pwani yetu, hawakuupokea ushahidi wa watoto. Malik aliupokea katika jambo moja: majeraha ya watoto wao kwa wao, maadamu wameutoa papo hapo, kabla hawajatawanyika. Kwa nini kabla hawajatawanyika? Kwa sababu wakishaondoka hapo yahofiwa kwamba watakutana na wakubwa, na wakubwa watawafundisha la kusema. Nilipolielewa sharti hilo niliinamisha kichwa. Kumbe kinachoharibu ushahidi wa mtoto si utoto wake. Ni sisi tunaomngojea njiani.

Hapo ndipo palipo na ufumbuzi wa swali letu, kwa kadiri ya uoni wangu. Mwamuzi mchanga ni shahidi kwanza, hakimu baadaye. Tumdai kweli, yaani apulize kipenga kwa alichokiona na anyamaze kwa asichokiona. Tukimdai usahihi kabla ya wakati wake, atafanya kama mvulana wa Singida: ataacha kuutazama mpira, atazitazama nyuso zetu. Usahihi ni mazao. Huja kwa misimu, kwa kukimbia zaidi, kwa kusimama pahala pazuri, kwa kusomeshwa kanuni. Ukweli ndio mbegu, na ikishaoza hakuna mvua itakayoiotesha.

Wakulima wa Singida wanalijua hili kuliko mimi. Mkulima apelekaye alizeti yake kuuza huikagua mizani kabla ya gunia kupandishwa. Akiona sindano haisimami kwenye sifuri, husema hapo hapo. Lakini gunia likishapanda, haipigii mizani kelele ili iongeze kilo. Mizani inayosogea kwa kelele haina faida kwa yeyote, hata kwa yule aliyepiga kelele, kwa sababu kesho atakuja mwenye sauti kubwa kuliko yake.

Na upande wetu je, tunadaiwa nini? Kiswahili chetu chasema kumtia mtu moyo. Hakisemi kumtia sifa. Moyo hutiwa kwa mambo ambayo hayana kelele. Aliyempa mtoto kipenga amemkopesha mamlaka yake mwenyewe, kwa hivyo na ayalinde mbele ya watu, hata pale uamuzi unapomkera. La kumsahihisha amsahihishe pembeni, siku ile ile, kwa jambo mahususi: ulisimama mbali, vumbi lilikuziba, mara nyingine pita kulia. Amfundishe pia kwamba kanuni za mpira wa miguu zenyewe zimeona mbele: mwamuzi akitambua kwamba amekosea aweza kuubadili uamuzi wake, maadamu mchezo haujaanza tena. Kurudi nyuma kwa sababu umeona kosa lako ni uaminifu. Kurudi nyuma kwa sababu umeona hasira za watu ni woga. Kwa macho mambo hayo mawili hufanana, na mtoto hawezi kuyatofautisha asipofundishwa.

Ama sisi watazamaji, nimependa kanuni iliyowekwa mwaka 2023 na chama cha besiboli ya watoto katika mji wa Deptford, New Jersey: mzazi anayemshambulia mwamuzi kwa maneno haruhusiwi kurudi kutazama mpaka kwanza achezeshe mechi tatu yeye mwenyewe. Si adhabu kubwa. Ni kumkabidhi mtu kile alichokitupia mawe, akishike, akione uzito wake.

Huenda msomaji akaniuliza: haya yote kwa ajili ya mechi ya watoto? Ngoma ya watoto haikeshi. Naam, haikeshi, lakini wachezaji wake hukua. Mvulana yule wa Singida, Mungu akimjaalia, atakuwa mtu mzima katika nchi hii. Yamkini atakuwa mwalimu anayesahihisha mitihani, au karani wa mizani, au hakimu wa mahakama ya mwanzo, au mtu anayehesabu kura usiku katika kituo kisicho na taa. Siku hiyo watu watasimama pembeni na kupaza sauti. Atatazama wapi, kwenye jambo lililo mbele yake au kwenye nyuso zao? Jibu la swali hilo lilianza kuandikwa jioni ile, nami kalamu nilikuwa nayo mkononi, nikaitumia vibaya.

Mechi ilipomalizika, watu wakatawanyika. Mimi nilibaki, kwa haya zaidi kuliko kwa hekima. Nilimsikia mwalimu akimwita mvulana. Hakumkaripia, wala hakumpapasa kichwa. Alimuuliza kwa sauti ya kawaida, kama amuulizavyo mtu hesabu:

“Ile penalti ya pili, mwanangu, uliiona?”

Mvulana alinyamaza, akachora mstari mavumbini kwa kidole cha mguu. “Hapana, Mwalimu.”

“Na ile ya kwanza?”

Akainua uso. “Ya kwanza niliiona.”

“Basi kesho utachezesha tena,” mwalimu akasema, “na utapuliza kama ile ya kwanza.”

Akakirudisha kipenga shingoni mwa mvulana. Nilitamani kusogea nimwombe radhi, kwani mkubwa naye hukosa na mkubwa naye hutubu. Lakini alikuwa tayari anakimbia kuwafuata wenzake upande wa ziwa, na upepo ukawa unakipuliza kipenga chake chenyewe, kwa sauti ndogo, kila alipopiga hatua. Radhi hiyo naiomba hapa.