Pengo la Sentensi na Mwenye Haki ya Kulijaza

Mtu anayepewa sentensi iliyopungukiwa neno moja na kutakiwa aikamilishe huwa amepewa, pamoja na sentensi hiyo, swali la kifalsafa ambalo halionekani kwa haraka: usahihi wa neno atakalolichagua unatoka wapi? Yaweza kudhaniwa kwamba unatoka katika lugha yenyewe, kwa maana kwamba kanuni za sarufi zikijumlishwa na maana za kamusi litabaki neno moja tu. Yaweza kudhaniwa pia kwamba unatoka kwa aliyeitunga sentensi, ambaye alikuwa na neno lake moyoni kabla ya kulificha. Na ipo rai ya tatu, ambayo ndiyo inayotetewa hapa, kwamba usahihi huo hutoka katika tendo ambalo sentensi inalitumikia, yaani katika jambo analolifanya mtu wakati anaposema. Mvutano wa rai hizi haukuanza na watunga mitihani. Wanazuoni wa sarufi na wafasiri wa Kurani waliujadili kwa kina karne nyingi zilizopita, tena juu ya maneno ambayo Mwislamu wa Lamu, Unguja au Ujiji huyatamka mara kadhaa kwa siku bila kuhisi kwamba ndani yake mna pengo.

Darasani jambo hili hufunzwa kana kwamba halina utata. Kwa miaka mingi karatasi ya Kiswahili katika mtihani wa KCPE wa Kenya, ambao ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, ilikuwa na vifungu vyenye mapengo, na kila pengo likawekewa majibu manne ambayo moja tu kati yake lilihesabiwa kuwa sahihi. Upatanisho wa ngeli, yaani ule utaratibu unaozilazimisha sehemu za sentensi zichukue viambishi vinavyolingana na nomino, hurahisisha kazi hiyo kwa kiasi fulani, kwa kuwa sentensi “Kikombe … kimevunjika” huyakataa papo hapo “wangu” na “lile”, ingawa huyapokea bila ubaguzi “changu”, “kile”, “kikubwa” na “chenye ufa”. Sarufi, basi, ni bawabu anayejua nani asiingie, lakini hana habari ni nani aliyealikwa.

Udhaifu huo wa sarufi hauponywi na kamusi, kama inavyoonekana katika sentensi fupi “Athumani ame… nazi”. Mkwezi aliye juu ya mnazi ameangua nazi. Aliyeinama mbele ya kifuo, ule mti wenye ncha kali uliochomekwa ardhini, amefua nazi kwa kuitoa makumbi yake. Aliyeigonga kwa mgongo wa panga mpaka maji yakamwagika ameivunja. Naye aliyekaa juu ya mbuzi jikoni, huku chicha zikijaa kwenye bakuli, ameikuna. Vitenzi vyote vinne ni Kiswahili safi, vyote hukubali nomino ileile, na wala hakuna hata kimoja kinachoweza kukaa mahali pa mwenzake. Kamusi inavijua vyote, lakini haijui Athumani yuko wapi. Anayejua ni yule aliyemwona, au yule aliyesoma sentensi iliyotangulia, na hapo ndipo inapodhihirika kwamba neno sahihi limeamuliwa na hatua ambayo nazi imefikia katika safari yake kutoka mnazini hadi chunguni.

Sibawayhi, mwanasarufi Mwajemi wa karne ya 8 ambaye kitabu chake kikubwa cha sarufi ya Kiarabu kinaitwa tu Al-Kitab, alikwisha kuona kwamba neno “sahihi” lina madaraja. Katika mojawapo ya milango ya mwanzo ya kitabu hicho aliyagawa maneno ya watu katika mafungu: yako yaliyonyooka na kupendeza, yako yaliyonyooka katika muundo lakini ya uongo, kama ya mtu anayedai ameubeba mlima, yako yaliyonyooka katika maana lakini yamepangwa vibaya, na yako ya muhali, yaani yale ambayo mwisho wake huuvunja mwanzo wake, kama mtu kusema kwamba alikuja kesho. Mgawanyo huu una faida kubwa kuliko unavyodhaniwa, kwa sababu unatenganisha makosa ambayo mwalimu mwenye haraka huyachanganya. Mwanafunzi anayejaza “magharibi” katika sentensi “Jua huchomoza …” hajakosea Kiswahili hata kidogo. Amekosea jiografia, na sentensi yake imenyooka ingawa ni ya uongo, ilhali anayejaza “kesho” katika “Walifika …” amesema jambo lisiloweza kuwa kweli wala uongo.

Rai ya pili, ile inayomrudishia mtunzi haki yote, ilipata nguvu mpya mwaka 1953, pale Mmarekani Wilson Taylor alipopendekeza kupima ugumu wa maandishi kwa kufuta maneno kwa kufuata hesabu maalumu na kuwataka wasomaji wayabashiri, huku neno likihesabiwa kuwa sahihi ikiwa ni lilelile la mwandishi. Kama kipimo cha urahisi wa maandishi, mbinu hiyo haina ubaya, kwa kuwa hapo kinachopimwa ni ukaribu wa msomaji na mwandishi. Ubaya huanza pale ubashiri unapogeuzwa kuwa hukumu, mtahiniwa akanyimwa alama kwa kuandika “aliaga dunia” mahali ambapo mtunzi alikuwa ameandika “alifariki”, kana kwamba maiti alikuwa na njia moja tu ya kuondoka.

Lakini mahali ambapo swali hili lilichambuliwa kwa makini ya kupindukia ni katika Bismillahi. Maana yake ni “kwa jina la Mwenyezi Mungu”, na kwa kipimo cha wanasarufi fungu hilo si sentensi, kwa sababu linaanza na herufi ba, ambayo ni kihusishi, na kihusishi cha Kiarabu hakina budi kutegemea kitenzi au kitu chenye nguvu ya kitenzi. Ni nini basi kinachofanywa kwa jina la Mwenyezi Mungu? Kazi ya kulikisia neno lililoachwa huitwa takdiri, istilahi ambayo katika elimu ya sarufi ina maana ya kukadiria kisichotamkwa lakini kinachohitajiwa na kilichotamkwa. Wanasarufi wa Basra, kwa jinsi madhehebu yao yanavyosimuliwa, walikadiria nomino, “mwanzo wangu ni kwa jina la Mwenyezi Mungu”, na wale wa Kufa wakakadiria kitenzi, “ninaanza”. Na tofauti hiyo si ndogo kama inavyoonekana, kwani sentensi ya nomino huashiria hali iliyotulia, na ya kitenzi huashiria tendo linalozuka upya.

Az-Zamakhshari, mfasiri wa Khwarazm aliyefariki mwaka 1144, hakutosheka na “ninaanza” katika tafsiri yake iitwayo Al-Kashshaf. Kwake yeye neno linalokosekana ni lile tendo hasa linalofuata: msomaji wa Kurani anaposema Bismillahi anakusudia “ninasoma”, na msafiri anapofunga mizigo yake au kuitua anakusudia “ninaondoka” au “ninatua”. Aliongeza kwamba kitenzi hicho kikadiriwe baada ya jina la Mungu wala si kabla yake, kwa sababu Waarabu wa zama za kabla ya Uislamu walikuwa wakianza mambo yao kwa majina ya Lata na Uzza, kwa hiyo anayempwekesha Mungu hulitanguliza jina Lake ili kulitenga na majina mengine yote. Mtu akimpinga kwa kumwonyesha kwamba aya ya kwanza ya Suratul-Alaq inakitanguliza kitenzi cha kusoma, jibu lake ni kwamba pale amri ya kusoma ndiyo iliyokuwa muhimu zaidi. Na aya ya 41 ya Sura Hud, ambamo Nuhu anawaambia watu wapande jahazi, inamuunga mkono, kwa kuwa kule kwenda kwa chombo na kule kutia nanga kumetajwa waziwazi sambamba na jina la Mungu.

Matokeo ya rai hii yanastahili kutazamwa kwa karibu. Ikiwa neno linalokosekana ni tendo la msemaji, basi anayekata mkate, anayechinja, anayetweka tanga na anayefungua duka asubuhi wanasema fungu moja la maneno lakini wanakamilisha sentensi tofauti, na kila mmoja wao ana neno moja sahihi lisiloweza kuazimwa na mwenzake. Usahihi haujageuka kuwa holela, maana aliye mbele ya sahani hawezi kukusudia “ninatweka”. Ila umekuwa ni usahihi usioweza kuchapwa katika kijitabu cha majibu. Tena hapo inaeleweka kwa nini mafakihi walikataza Bismillahi isitajwe juu ya jambo la haramu, kwani mwizi anayeitamka akiwa ameshika kitasa cha nyumba ya watu huwa anaijaza sentensi kwa neno “ninaiba”, na sentensi hiyo, ingawa imenyooka kisarufi, ni ufedhuli.

Haikukosekana sauti ya kupinga desturi nzima ya kukadiria. Ibn Mada wa Cordoba, aliyekuwa kadhi mkuu chini ya dola ya Almohadi na kufariki mwaka 1196, aliandika kitabu cha kuwajibu wanasarufi, akakubali kwamba yako maneno yaliyoachwa ambayo msikilizaji anayajua na maana haitimii bila ya hayo, lakini akayakataa yale yanayobuniwa ili tu kanuni ya sarufi isimame. Na katika Kurani aliona kwamba kufanya hivyo bila dalili ni kuyaongezea maneno ya Mungu kitu ambacho Yeye hakukisema. Hoja yake ni nzito kuliko walivyotaka kukiri wapinzani wake. Katika Bara Hindi nako wanafalsafa wa Mimamsa, madhehebu yaliyojishughulisha na tafsiri ya Veda, waligongana na jambo hilohilo walipouliza kuhusu mtu anayesema “Mlango!” peke yake, ikiwa msikilizaji hujaza neno “funga” au hujaza maana tu, bila neno lolote. Kama ni maana tu, hofu ya Ibn Mada hupungua, kwa sababu kuelewa hakuongezi herufi hata moja katika maandiko.

Zaidi ya hayo, liko pengo ambalo jibu lake bora ni kuachwa kama lilivyo. Abdul-Qahir al-Jurjani, mwanabalagha wa karne ya 11 aliyeshikilia kwamba ubora wa neno haumo katika neno lenyewe bali katika mpangilio wake na maneno mengine, alionyesha pia kwamba kuna mahali ambapo kutotaja huwa na ufasaha kuliko kutaja. Anayesema “Ungemwona Athumani alivyokasirika …” kisha akanyamaza, amesema mengi kuliko kivumishi chochote ambacho mtahini angekiweka pale.

Hata hivyo mfasiri hana ruhusa ya kunyamaza kila mara, kwa kuwa lugha anayoihamishia maneno ina madai yake. Sheikh Abdullah Saleh Farsy, mwanachuoni wa Unguja aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, katika Qurani Takatifu iliyotoka mwaka 1969 alichukua njia ambayo yafaa ihesabiwe kuwa ya haki: aliingiza maneno ya kukamilisha au kufafanua, lakini akayafungia ndani ya mabano, ili yasichanganyike na yale ya aya. Kwa hiyo msomaji anayefungua tafsiri hiyo, au nyingine yoyote iliyofuata desturi hiyo, na ayasome mabano kwa jicho tofauti, na anapotaka kuitolea hoja aya fulani aangalie kwanza kama neno analolitegemea liko nje ya mabano au ndani yake, kwa sababu lililo ndani ni la mfasiri, naye aweza kuulizwa dalili.