Nasadiki, hata gizani

Mwenzetu kaniuliza: "Nikisali sisikii chochote, bado nina imani kweli?"

Mtazame Mtakatifu Teresia wa Mtoto Yesu, mtawa Mkarmeli wa Lisieux, Ufaransa. Tangu Pasaka ya 1896, akiwa mgonjwa wa kifua kikuu, wazo la mbinguni lililomfurahisha tangu utotoni likawa giza tupu. Yeye je? Akaiandika Nasadiki kwa damu yake mwenyewe, akawa anaibeba kifuani. Giza halikuisha mpaka alipofariki 1897, ana miaka 24 tu (rika letu kabisa, jamani!).

Mimi pia kuna Jumapili nafika kwenye Nasadiki roho imekauka. Basi nasimama na wenzangu, naikiri hivyo hivyo.