Ini la Mgonjwa na Kiinitete

Mwaka 1998 James Thomson na wenzake huko Wisconsin, Marekani, walitoa seli shina katika viinitete vya binadamu vya siku chache, vilivyobaki baada ya matibabu ya ugumba. Seli hizo, zikipewa protini maalumu hatua kwa hatua, zaweza kugeuzwa kuwa seli za ini. Lakini kiinitete hufa.

Wengine husema, “Kingetupwa tu.” Je, aliye kufani huwa halali yetu kwa sababu atakufa? La! Tena mwaka 2007 Shinya Yamanaka wa Japani alipata seli zinazofanana na hizo kutoka ngozi ya mtu mzima. Mgonjwa wa ini ni jirani yetu; basi tumtafutie uzima kwa njia hiyo, isiyodai uhai wa mwingine.