NENO LA FAMILIA: BIDONI MOJA NA KUNI MBILI

Masomo: Maombolezo 5:1-15, 1 Wafalme 17:8-16, Yohana 6:1-13



Mungu alituvusha mpaka tukafika hapa Rubavu tukiwa hai. Mwezi huu hatuandiki juu ya mambo ya mbali. Tunaandika juu ya bidoni iliyo mlangoni kwako na mbabula iliyo nyuma ya nyumba yako. Huenda mtu akasema, "Hayo si mambo ya kanisa." Tufungue Biblia tuone.

Sura ya 5 ya Maombolezo ni sala ya watu waliopoteza nchi yao. Wanamweleza Mungu kwamba nyumba zao zinakaliwa na wengine na watoto wao wamekuwa yatima. Kisha, katika mstari wa 4, wanataja maji na kuni. Vitu walivyovipata bure kwao, sasa wanavilipia. Mstari wa 9 unataja hatari ya kutafuta chakula huku upanga ukiwangoja porini. Mstari wa 13 unaonyesha watoto wa kiume wakianguka kwa uzito wa kuni.

Ndugu, nani kati yetu hajaiona picha hiyo? Kule Masisi na Rutshuru tulijua mto uko wapi, na kuni tulizitoa shambani kwetu. Leo tunahesabu bidoni, na makala tunanunua kwa kipimo. Lakini tazameni: maji na kuni vimo ndani ya sala ya Biblia. Mungu hakuona haya kuviweka humo. Basi na sisi tusione haya kuvizungumza kanisani.

TUKUMBUKE TULIKOTOKA

Wenyeji wetu wa Rubavu na sisi tuliotoka ng'ambo ya mpaka tuna kumbukumbu moja. Mwezi wa Julai 1994, mamia ya maelfu ya Wanyarwanda walivuka kuingia Goma kwa siku chache tu. Kule Kibumba hapakuwa na chemchemi wala mto. Mvua huzama katika mawe ya volkano, na choo hakichimbiki. Kipindupindu na kuhara damu viliua makumi ya maelfu ya watu katika majuma machache. Na kwa kuwa kila sufuria ilihitaji moto, msitu wa Virunga ulikatwa kila siku. Mwaka huohuo wa 1994 hifadhi ile iliwekwa katika orodha ya urithi wa dunia ulio hatarini.

Tena mwishoni mwa Januari 2025, vita vilipoingia Goma, umeme ulikatika na maji ya bomba yakakauka. Watu wakashuka Ziwa Kivu na bidoni, wakachota maji ambayo hayakusafishwa. Hatuyasemi haya ili kufungua vidonda. Tunayasema kwa sababu aliyeona bomba likikauka anajua thamani ya kikombe kimoja.

"MBONA TUNAAMBIWA SISI TULIO NA KIDOGO?"

Swali hili tumelisikia katika vikundi vya maombi, na ni swali la haki. Mama mmoja alisema, "Waambieni wenye taa mia waweke akiba. Mimi nina bidoni tatu na mfuko wa makala, nipunguze nini?" Chini ya ziwa hili kuna gesi nyingi, na kule Karongi mtambo umeigeuza kuwa umeme tangu mwaka 2016, lakini yeye bado anapuliza makala. Hatutamjibu mama huyo kwamba umaskini ni utakatifu. Kukosa maji ya kutosha ni jambo la kumlilia Mungu na la kuwaeleza wakuu wa kambi kwa heshima bila kuchoka. Mashirika ya misaada yenyewe huhesabu lita 15 kwa mtu mmoja kwa siku kuwa kipimo cha chini wakati wa dharura. Kwa familia ya watu 6 hizo ni lita 90, yaani bidoni nne na nusu za lita 20. Aliyepungukiwa anayo haki ya kusema.

Lakini tumtazame mjane wa Sarepta. Nabii Eliya alimkuta langoni akiokota kuni mbili za kupikia chakula cha mwisho. Mungu hakumkemea kwa umaskini wake. Wala hakumjazia ghala. Unga ulikuwa kidogo kila asubuhi, na kila asubuhi ulitosha. Mjane yule aliishi kwa kipimo, akamlisha mwanawe, yeye mwenyewe na mgeni.

Tumtazame na Bwana Yesu. Aliwalisha maelfu kwa mikate mitano, kisha akawaagiza wanafunzi wakusanye vipande vilivyobaki, vikajaa vikapu 12. Aliyeweza kuongeza mikate hakuruhusu vipande vitupwe. Muujiza haukuwa ruhusa ya kupoteza. Tukiomba Mungu atuongezee maji huku tone linadondoka bombani nasi tunapita, sala yetu imepungukiwa kitu. Tone moja kila sekunde, likikingwa usiku na mchana, hukaribia kujaza bidoni nzima. Maji yakimwagika hayazoleki.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Kwanza, maharage. Loweka tangu jioni, umwage maji yale, kisha upike. Yataiva upesi zaidi. Hapa tuko juu, karibu mita 1,460 kutoka usawa wa bahari, na maji huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Ndiyo maana maharage hukawia kuiva huku kuliko pwani. Funika sufuria. Yakishachemka, punguza moto, kwa maana moto mkali hauongezi joto la maji yanayochemka; unakausha maji na kumaliza makala tu.

Pili, jiko. Wenyeji wetu wana jiko waliloliita rondereza, jina linalokumbusha kutumia kwa kipimo. Udongo wake hushika joto na kuni hazipotei. Muombe jirani akuonyeshe linavyojengwa. Tukumbuke pia kwamba kilo 1 ya makala kwa tanuru la kienyeji yaweza kula kilo 5 hadi 10 za kuni. Kila konzi ya makala ni tawi zima mlimani.

Tatu, kikapu. Chakula kikishachemka vizuri, sufuria iliyofunikwa iwekwe katika kikapu au boksi lenye nguo kuukuu na majani makavu, ifunikwe kabisa. Wali au viazi vitamaliza kuiva bila moto. Ukipakua, hakikisha chakula bado ni cha moto sana.

Nne, maji yafanye kazi mara mbili. Maji ya kusuuza nguo yaoshe sakafu au choo. Maji yaliyoosha mboga yamwagilie mchicha. Mvua ikinyesha, kinga kwa ajili ya kufua.

MAMBO TUSIYOYAPUNGUZA

Hapa, wapendwa, tuwe waangalifu sana. Akiba inayoleta kifo si akiba.

Tusipunguze maji ya kunawa mikono kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula. Tulioona kipindupindu tunajua. Tusinywe maji machafu ili kuokoa makala. Kama makala hayapo, chupa safi ya plastiki isiyo na rangi, yenye maji maangavu, ilazwe juani kwa muda wa saa 6 mfululizo. Siku za mawingu iachwe siku 2 mfululizo.

Tusiingize mbabula ndani usiku ili kupata joto, milango ikiwa imefungwa. Sote tunajua mazuku, hewa mbaya itokayo ardhini karibu na volkano, inayoua mtu na mbuzi bila sauti. Hewa ya makala si ileile, lakini nayo huua vivyo hivyo, haina harufu, nawe umelala.

Wala tusiokoe pesa kwa kumtuma binti peke yake porini kutafuta kuni. Hakuna sufuria ya maharage yenye thamani ya mtoto huyo. Waende wengi pamoja, wakubwa wakiwapo, mchana, mahali palipokubaliwa. Miti ya wenyeji tusiikate. Walitupokea, tusiwalipe kwa kuwaachia mlima mtupu.

NANI ANABEBA?

Neno la mwisho ni kwa sisi akina baba. Mstari wa 13 unawahurumia watoto waliolemewa na kuni. Je, nyumbani kwetu nani amelemewa? Kama bidoni zote ziko juu ya kichwa cha mama na msichana anayekosa shule, basi kuna akiba tuliyoisahau: nguvu za mwili wao. Baba, chukua bidoni. Heshima yako haitamwagika njiani. Kule Goma tulipakia mizigo mizito juu ya chukudu, hatukuona haya.

Na jirani yako mzee asiyeweza kusimama kwenye foleni, bidoni uliyookoa juma hili ni yake. Mjane wa Sarepta alimhudumia mgeni kwanza, na unga haukwisha.

MASWALI YA FAMILIA JIONI

1. Leo tumetumia bidoni ngapi, na nani alizibeba?
2. Ni maji gani tuliyamwaga ambayo yangefanya kazi nyingine?
3. Ni jirani gani hakupata maji leo?

TUOMBE

Ee Bwana, uliyeusikia mlio wa Hajiri na mwanawe jangwani ukamwonyesha kisima, tuonyeshe na sisi. Tupe kipimo cha leo. Tufundishe kutokupoteza, na utupe moyo wa kugawana. Uwabariki wenyeji wetu, uilinde milima yao. Uturudishe nyumbani kwa amani kwa wakati wako. Amina.

Ni sisi ndugu zenu katika safari na katika Kristo.